Afya Katika Nyumba: Pete, Dhahabu na Dawa za Baridi Yabisi



Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu iko moja ya mama mmoja ambayo tumeona tuitangulize mbele ya nyingine zote, maana aliyoyauliza yanazihusu nyumba nyingi, na baadhi yake hayangoji. Mama huyu ana baridi yabisi ya viungo, ile ambayo daktari ameithibitisha kwa kupima damu na kwa picha za mikono. Chini ya pete yake ya ndoa ngozi imechubuka na kutoka malengelenge. Jirani zake wamemwambia kuwa ugonjwa wote umetokana na pete hiyo, na kwamba mwili wake haupatani na madini. Shemeji yake amemletea kikuku cha shaba na pakiti ya unga usio na jina. Ama dawa aliyoandikiwa hospitali, ameiacha miezi miwili sasa, kwa sababu amesikia ni dawa ya saratani, na tena ameambiwa kuwa asiyepatana na madini hapatani na dawa za baridi yabisi kabisa. Anauliza lipi la kweli katika hayo, na Ramadhani ikifika afanyeje.

Sisi si matabibu. Sisi ni walimu wa chuo. Tunayoyaandika hapa ni yale yaliyokwisha kuthibitishwa na wenye elimu hiyo, na mama yetu huyu hana budi kuyapeleka kwa daktari wake mwenyewe. Hatulisemi hili kwa adabu tu. Abu Dawud amepokea kwa Jabir khabari ya mtu aliyepigwa na jiwe kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari aliwalaumu sana, akawaambia kuwa walipokuwa hawajui iliwapasa kuuliza. Jirani wa mama huyu nao wametoa fatwa ya tiba bila ya kuuliza.

Basi tuanze na pete. Mwili wa mwanadamu una askari wake, nao kazi yao ni kupambana na vijidudu vinavyoingia. Mara nyingine askari hao hukosea. Wakikosea kwa kukishambulia kitu kisicho na madhara kilichogusa ngozi, hilo ndilo liitwalo mzio. Wakikosea kwa kuishambulia ngozi laini iliyomo ndani ya viungo vya mwili wenyewe, hiyo ndiyo baridi yabisi ya namna tunayoizungumza. Ni makosa mawili mbalimbali, na mtu mmoja aweza kuwa nayo yote mawili, kama vile nyumba moja iwezavyo kuvuja dari na kuliwa na mchwa. Lakini kuvuja hakukuwaleta mchwa. Mzio wa madini huwasha, hutoa vipele na malengelenge, na hukaa pale madini yanapogusa: chini ya pete, kwenye ndewe za masikio, kifundoni penye saa, tumboni penye kifungo cha suruali. Baridi yabisi hushika vidole na vifundo vya mikono yote miwili, hugandisha viungo asubuhi kwa nusu saa na zaidi, huchosha mwili mzima, na huwapata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume. Pete ya kidole kimoja haiwezi kuvimbisha vifundo vya mikono miwili.

Tena, mara nyingi si dhahabu iwashayo. Dhahabu safi ni laini mno, na sonara huichanganya na madini mengine ipate kushika umbo. Mchokozi mkubwa kuliko wote ni nikeli, ambayo imo katika vipuli vya bei nafuu, bangili za kung'aa, pini za mtandio, zipu, fremu za miwani, na katika baadhi ya dhahabu nyeupe. Nchi ya Denmark ilitunga sheria ya kuizuia nikeli katika mapambo mwaka 1990, na nchi za Ulaya zikafuata kwa agizo lao la mwaka 1994, kwa kuwa waliona wasichana wengi wakitobolewa masikio na kuvikwa vipuli hivyo hupata mzio usiowatoka tena maisha yao yote. Mama anayetaka kumtoboa binti yake na alijue hilo. Hata hivyo dhahabu yenyewe nayo yaweza kuleta mzio, na chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani waliifanya ndiyo kichokozi cha kuangaliwa zaidi kwa mwaka 2001.

Namna ya kujua ni kupimwa ngozi. Daktari hubandika mgongoni vibandiko vidogo vyenye madini mbalimbali, hukaa siku mbili, kisha hutazama, na hutazama tena baada ya siku nyingine mbili hivi. Mgonjwa wa baridi yabisi amwambie daktari huyo kama anatumia prednisoloni au dawa nyingine ya kutuliza askari wa mwili, kwa sababu dawa hizo zaweza kuuficha mzio, kipimo kikaonyesha hakuna kitu na kitu kipo. Na kwa kuwa tumeulizwa zamani juu ya jambo kama hili, tunasema: mgongo si kiungo cha udhu, kwa hivyo vibandiko havimzuii mtu kuswali. Kinachohitaji kuangaliwa ni josho la lazima, na mwanamke aweza kuchagua siku za kupimwa ambazo hatarajii josho.

Ama pete ya mama yetu, na aivue leo, wala asingoje kipimo. Kidole cha mwenye baridi yabisi huvimba, na pete isiyotoka huweza kukizuilia damu. Apake sabuni au mafuta, ainue mkono juu kwa muda, aizungushe taratibu. Ikikataa, aende hospitali au kwa sonara ikatwe. Ndoa haimo katika pete.

Sasa tuje kwenye lile neno kwamba asiyepatana na madini hapatani na dawa za baridi yabisi. Neno hili limechipuka katika mzizi wa kweli, na yafaa tuueleze, maana uvumi wenye chembe ya kweli ndani yake ni mgumu kuung'oa kuliko uwongo mtupu.

Mwaka 1890 tabibu wa Ujerumani, Robert Koch, yule aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alitangaza kuwa chumvi ya dhahabu huzuia kijidudu hicho kukua katika chupa. Baadaye wagonjwa wa kifua kikuu wakadungwa sindano za dhahabu. Kisha Mfaransa mmoja, Jacques Forestier, akadhani kuwa baridi yabisi ni jamaa ya kifua kikuu, akawadunga dhahabu wagonjwa wa viungo, na mwaka 1929 akaandika kuwa wamepata nafuu. Dhana yake ilikuwa si sahihi, lakini nafuu ilikuwa ya kweli: mwaka 1960 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililofanywa kwa wagonjwa wapatao 200, nayo yakaonyesha kuwa waliodungwa dhahabu walipata nafuu kuliko wenzao. Kwa miaka mingi sindano hizo zikawa ndiyo tegemeo. Lakini zilikuwa na khatari zake. Wengine walitoka vipele vya kuwasha mwili mzima, wengine vidonda vya kinywa, wengine figo zikavujisha protini katika mkojo, wengine chembe za damu zikapungua. Kwa hivyo mgonjwa alipimwa mkojo na damu mara kwa mara katika muda wote wa matibabu, na aliyekuwa na mzio wa dhahabu, ngozi yake iliyowahi kuwashwa na pete iliweza kuamka tena kwa sindano. Hapo ndipo swali la mzio wa madini lilipoingia katika tiba ya baridi yabisi, na lilikuwa swali la haki kabisa.

Lakini zama hizo zimekwisha. Zikaja dawa bora, na mwaka 2019 sindano ya dhahabu iliyokuwa mashuhuri zaidi ikaacha kutengenezwa. Dawa wanazopewa wagonjwa wengi leo, yaani methotreksati, salfasalazini na hidroksiklorokwini, si dawa za madini. Mwenye mzio wa nikeli au wa dhahabu hakatazwi dawa hizo kwa ajili ya mzio huo. Na amweleze tu daktari, kwa kuwa daktari hupenda kujua kila kitu ambacho mwili wa mgonjwa umewahi kukikataa.

Katika hayo ya kukataa, kuna mambo mawili ambayo watu wa nchi zetu huyasahau kuyataja. La kwanza ni dawa za salfa. Aliyewahi kutoka vipele au kubabuka ngozi au kuvimba midomo kwa Septrin, au kwa Fansidar tuliyokuwa tukiimeza kwa malaria, asipewe salfasalazini kabla ya kumweleza daktari khabari hiyo, kwa sababu ni ndugu wa ukoo mmoja. La pili ni klorokwini. Wazee wetu wanakumbuka muwasho wake, jinsi mtu alivyojikuna usiku kucha na wala pasiwe na kipele, mpaka Kenya ilipoiacha mwaka 1998 na Tanzania bara mwaka 2001. Hidroksiklorokwini ni dada yake, na aliyekuwa akiwashwa na ile na aseme. Tena anayeitumia hii miaka mingi hupasa kupimwa macho.

Juu ya kikuku cha shaba hatuna maneno mengi. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo kikuu cha York, Uingereza, walichapisha khabari ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovishwa vikuku vya shaba na vya sumaku na vingine vya bandia kwa zamu, na hawakuona faida, si katika maumivu, si katika uvimbe. Ama katika dini, imepokewa kwa Imran bin Husayn kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona mtu amevaa pete ya shaba mkononi, akamwuliza kwa nini, akajibu kuwa ni kwa ajili ya maradhi ya mkono yaliyoitwa al-wahina, Mtume akamwamrisha aivue, akamwambia haitamzidishia ila udhaifu. Wanavyuoni wa hadithi wameizungumza sanadi yake, na hatutaki kuitumia kama rungu la kumpigia shemeji aliyekusudia wema. Lakini mambo mawili haya yakikutana, kikuku hakibakiwi na la kukitetea.

Isije mtu akafahamu kuwa dini yetu haiyatazami madhara ya kitu mwilini. Arfaja bin As'ad alikatwa pua yake katika vita vya Kulab zama za ujahili, akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Na sote twajua kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa! Zubayr na Abdurrahman bin Awf waliruhusiwa kuvaa hariri kwa ajili ya muwasho wa ngozi, na hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi kama hariri ilihalalika kwa muwasho, mama huyu hana haja ya kuona haya kuvua pete, na mume wake hana haja ya kununa.

Sasa methotreksati, ambayo ndiyo aliyoiacha. Ni kweli kuwa ilianza kama dawa ya saratani ya damu katika miaka ya 1940. Lakini dawa hujulikana kwa kipimo chake. Kwa baridi yabisi, ambayo Marekani waliiruhusu kutibiwa kwa dawa hii mwaka 1988, kipimo ni kidogo, kwa kawaida kuanzia miligramu 7.5 mpaka 25 kwa wiki, na kazi yake ni kuwatuliza wale askari waliokosea. Huchukua wiki sita mpaka kumi na mbili kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wengi huiacha katika kungoja huku. Na huku wanangoja, ugonjwa hauwangojei. Mifupa ya vidole huanza kuliwa katika miaka miwili ya mwanzo, na iliyoliwa hairudi. Miezi miwili ya mama yetu si kitu kidogo. Arejee kwa daktari wiki hii, wala asianze tena peke yake kwa vidonge vilivyobaki kabatini.

Hapa tunaomba kila mwenye mgonjwa nyumbani asome polepole. Dawa hii humezwa mara moja kwa WIKI. Si kila siku. Tunamjua mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa akimeza kila siku dawa ya presha, na hii akaiunga hapo hapo pamoja nayo. Siku ya tano kinywa kikajaa vidonda asiweze kumeza hata uji, kisha homa. Bahati binti yake alibeba maboksi yote hospitali. Daktari alipoyaona alijua, akampa dawa ya kuizima sumu hiyo, naye alikaa wodini siku kumi na sita. Yeye alipona. Wako waliokufa kwa kosa hilo hilo katika nchi zenye mahospitali makubwa kuliko yetu.

Kwa hivyo ichaguliwe siku moja, iandikwe kwa herufi kubwa juu ya boksi, na mtu mmoja wa nyumbani awe ndiye mtoaji. Na hapa tuna neno la kwetu wenyewe. Wengi wetu hupenda kuchagua Ijumaa kwa kuwa haisahauliki. Lakini mzee wa pwani akisema "usiku wa Ijumaa" hukusudia Alkhamisi baada ya magharibi, na mjukuu wake aliyesoma skuli hukusudia Ijumaa usiku. Bibi aweza kupewa mara mbili na kila mtu akawa amesema kweli. Basi iandikwe: Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Siku nyingine ya wiki, kama alivyoagiza daktari, humezwa asidi ya foliki, ambayo hupunguza vidonda vya kinywa na kichefuchefu. Damu ipimwe, mwanzoni kila baada ya wiki chache, kisha kila miezi mitatu hivi, kutazama ini na chembe za damu. Vikitokea vidonda vya kinywa, homa, kikohozi kikavu na kushindwa kupumua, kutoka damu au macho kuwa manjano, dawa isimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na Septrin, ambayo dukani huuzwa kama peremende, isikutane na methotreksati mwilini. Zote mbili huzuia kazi ya foliki, na zikikutana zaweza kuukausha uboho usitengeneze damu. Mgonjwa akienda kutibiwa kikohozi au mkojo, neno lake la kwanza liwe: natumia methotreksati.

Vijana mliooa karibuni, jueni pia kuwa dawa hii huharibu mimba na humdhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayeitumia asishike mimba mpaka amezungumza na daktari na kuiacha kwa muda atakaoambiwa na daktari huyo. Hili lizungumzwe na mume na mke wazi wazi, wala asiachiwe mke peke yake kulibeba.

Ule unga wa pakiti autupe. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Philip Hench, alimdunga kotizoni mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea kwa baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Wenye kazi hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Dunia ilidhani imepata dawa ya mwisho, mpaka yalipoonekana madhara yake: uso kuvimba kama mwezi, sukari kupanda, mifupa kuwa myepesi, vijidudu kupata njia. Jamaa za kotizoni, kama prednisoloni na deksamethasoni, zina mahali pake katika mkono wa daktari. Lakini wako wafanyaji biashara wanaozisaga na kuzitia katika unga wa mitishamba. Unga usio na jina ukimwondolea mtu maumivu ya miaka kwa siku mbili, na autilie shaka. Na aliyekwisha kuutumia kwa wiki nyingi asiuache ghafla bila ya kumwona daktari, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hizo waweza kuanguka zikikatwa mara moja. Wauzao hayo, sheria imekwisha kuwasema: imepokewa kuwa mwenye kujitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara aliyoyaleta.

Ikiwa siku moja goti au nyonga itahitaji kubadilishwa, hapo mzio wa madini hurudi kuwa swali. Viungo vya bandia vingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa kobalti na kromu wenye nikeli kidogo ndani yake. Watu wengi wenye mzio wa ngozi huwekewa na wasipate neno, lakini daktari wa upasuaji aambiwe kabla ya siku ya kisu, maana viko pia vya titani na vya kufunikwa.

Juu ya Ramadhani: dawa ya mara moja kwa wiki haigongani na saumu. Ijumaa ile ile, badala ya baada ya chakula cha mchana, ameze baada ya kufuturu, na boksi libandikwe karatasi mpya kwa mwezi huo mmoja. Prednisoloni ya mara moja kwa siku yaweza kuliwa pamoja na daku, kwa agizo la daktari. Sindano isiyokuwa ya chakula, wanavyuoni wengi wa zama zetu wanaona haifunguzi. Kupimwa ngozi kwa vibandiko hakufunguzi. Na akiwa viungo vimewaka na daktari akamwambia ale, ale, kisha alipe, kwa rukhsa iliyomo katika Sura ya Baqara. Swala ataswali kwa kukaa akishindwa kusimama, kama alivyofundishwa Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, na maji ya udhu ayapashe moto.

Alituuliza pia kama pete ikikatwa vipande na kuwekwa ndani ina zaka. Hilo lina maneno marefu katika madhehebu, na nafasi imekwisha. Tutalijibu mwezi ujao, inshaallah.